Mozaiki ya sona ya ubavuni: ukingo wa mwamba unatokea mara mbili, na ukanda mweusi katikati ya mistari

mwambao_data

Wakuu, habari za kazi. Nina data ya sona ya ubavuni (inatuma sauti kushoto na kulia na kuchora sakafu ya bahari kwa mwangwi), ile ya kukokotwa nyuma ya chombo, kutoka magharibi ya Unguja. Kila nikiunganisha mistari nipate mozaiki, yaani picha moja ya eneo zima, kinachotoka hakifai kumwonyesha mtu. Vipimo ni hivi.

Eneo ni kilomita 1.2 kwa 0.8. Kina ni mita 10 hivi upande wa mashariki karibu na pwani, kinashuka hadi 22 magharibi. Sakafu ni mchanga, majani ya bahari na mwamba wa matumbawe. Mistari ni 14, kaskazini–kusini, mmoja wa kwenda mmoja wa kurudi, nafasi mita 60. Upeo mita 75 kila upande, 400 na 900 kHz kwa pamoja, mafaili ya JSF (umbizo la kurekodia data ya sona), mwendo noti 4. Kebo ilikuwa mita 30 kwenye mistari kumi ya magharibi. Kwenye minne ya mashariki ilivutwa ikabaki mita 12. Sensa ya kina ya samaki (ndivyo tunavyokiita kile kifaa cha kukokotwa) inasoma mita 7 magharibi na mita 3 mashariki. Kapi ya tezini iko mita 1.5 juu ya maji, antena ya GPS iko mita 5.5 mbele ya kapi. Kasi ya sauti iliachwa 1500 m/s kama ilivyokuja na programu.

Yanayonisumbua:

1. Kuna ukingo wa mwamba unaokatiza eneo mashariki–magharibi. Kwenye mozaiki unatokea mara mbili. Magharibi nakala mbili zinaachana kama mita 64, mashariki zinasogeleana hadi kama mita 32.
2. Kwenye baadhi ya mistari kuna ukanda mweusi katikati, upana wa mita 15 hivi.
3. Mozaiki nzima ina michirizi ya mwanga na giza kama kikoi.
4. Nikiiweka juu ya ramani ya zamani, imehama kama mita 300 kusini na karibu mita 100 mashariki.

Nimejaribu kusawazisha mwanga kwa geini (ukuzaji wa mwangwi) ya kujirekebisha yenyewe, imezidi kuharibika. Nianzie wapi?

---

TeziNaOmo

Umeleta vipimo, kwa hiyo nusu ya jibu umeshajipa. Michirizi iache kwa sasa. Kusawazisha mwanga kunategemea kimo cha samaki juu ya sakafu. Kimo kikiwa na kosa, utasawazisha leo na kesho utarudia. Rekebisha mahali alipo samaki, halafu mstari wa sakafu, halafu umbali wa mshazari (wa moja kwa moja kutoka samaki hadi kitu kilicho sakafuni), ndipo uje kwenye mwanga, na kuunganisha kuwe mwisho kabisa.

Tatizo la kwanza ni leibeki, yaani umbali samaki anaobaki nyuma. Programu yako inaamini samaki yuko pale ilipo antena. Kwenye mstari wa kwenda kaskazini kila kitu kinachorwa kaskazini mno. Kwenye wa kurudi, kusini mno. Kosa likiwa L, nakala mbili zinaachana mara mbili ya L. Zako zimeachana 64, basi L ni 32. Sasa pima kwa kebo:

Wima kutoka kapi hadi samaki: 7 + 1.5 = mita 8.5
Mlalo kama kebo ingekuwa imenyooka: kipeuo cha pili cha (30² − 8.5²) = mita 28.8
Kebo hainyooki, ina tumbo. Zidisha kwa 0.92: mita 26.5
Jumlisha 5.5 ya antena: mita 32

Hesabu imekutana na ulichokiona kwenye picha, maana yake leibeki haijawekwa kabisa, hata kidogo. Mashariki ni vilevile: kebo 12, wima 4.5, mlalo 11.1, kwa kebo fupi tumbo ni dogo kwa hiyo 0.95, unapata 10.5, ongeza 5.5, ni 16. Mara mbili ni 32, kama ulivyosema.

Hiyo namba 0.92 usiichukue kama sheria. Inabadilika kwa uzito wa samaki, unene wa kebo na mwendo. Ukiwa na kitu kimoja kigumu kinachoonekana kwenye mistari miwili ya kupishana, mwamba au nguzo, irekebishe hadi nakala zikutane. Usitumie dema (mtego wa wavuvi) kwa kazi hiyo hata kama linaonekana vizuri, maana mwenyewe anaweza kulisogeza kati ya mstari mmoja na mwingine.

Jambo linalosahaulika: urefu wa kebo lazima uandikwe kwa kila mstari. Ukiweka 30 kwa mistari yote, ile minne ya mashariki itavutwa nyuma mita 16 zaidi ya haki yake, na nakala zitaachana tena mita 32, safari hii kwa kinyume. Mtu akiona umbali uleule wa kuachana anadhani marekebisho hayakushika, kumbe yameshika kupita kiasi.

---

pima_saba

Naongezea kwenye ukanda mweusi. Nitabahatisha: uko kwenye ile mistari minne ya mashariki tu, siyo?

Sababu ni hii. Fungua picha ghafi ya mstari mmoja kabla ya marekebisho yoyote. Katikati utaona giza: hiyo ni safu ya maji, muda ambao mlio unasafiri bila kugonga kitu. Giza linaisha pale mwangwi wa kwanza wa sakafu unapofika, na hapo pana ukingo mkali wa mwanga pande zote mbili. Umbali kutoka katikati hadi ukingo ule ndio kimo cha samaki. Programu inautafuta ukingo huo yenyewe, kisha inageuza umbali wa mshazari kuwa umbali wa sakafuni: kipeuo cha pili cha (mshazari² − kimo²).

Mashariki samaki yuko mita 3 chini ya uso wa maji na, kwenye kina cha mita 11, mita 8 juu ya sakafu. Uso wa maji nao unarudisha mwangwi. Kwa hiyo ndani ya lile giza, kwenye mita 3, pana uzi mwembamba unaoyumbayumba kufuata mawimbi. Programu imeukuta huo kwanza ikaridhika. Imeandika kimo 3 badala ya 8.

Matokeo: mwangwi wa sakafu iliyo chini kabisa ya samaki, wenye mshazari wa mita 8, ulipaswa kuwekwa kwenye sifuri. Badala yake umewekwa kwenye kipeuo cha pili cha (64 − 9), yaani mita 7.4. Kushoto 7.4, kulia 7.4, jumla karibu mita 15 za maji matupu zilizochorwa kana kwamba ni sakafu. Ndio ukanda wako.

Tiba: kwenye kutafuta sakafu, ziba mita 5 za kwanza zisitazamwe kabisa. Usiweke nambari hiyo kwa mistari yote bila kutazama. Samaki akipita juu ya kichwa cha mwamba kimo kinaweza kushuka chini ya 5, na hapo programu itarukia kitu kingine. Baada ya kuziba, pandisha kizingiti kidogo, kisha pitia mstari mzima kwa jicho na urekebishe kwa mkono panapopinda. Sehemu tatu hupotosha sana: juu ya majani marefu ya bahari, ambapo inashika ncha za majani badala ya mchanga, kwenye kundi la samaki (wale wenye mapezi), na mahali chombo kingine kilipita kikaacha mapovu. Mistari 14 ya kilomita 1.2 ni kazi ya mchana mmoja, usione uvivu.

Na usitarajie ukanda wa katikati uwe mzuri hata kimo kikiwa sahihi. Kwa kimo cha mita 8, mita 2 za kwanza za sakafu zinatoka kwenye mshazari wa 8 hadi 8.25. Yaani sentimita 25 za data zimetandazwa kwenye mita 2 za ardhi. Huo ni uji. Nafasi ya mita 60 kwa upeo wa 75 ni nzuri kwa sababu hiyohiyo: katikati ya mstari mmoja panafikiwa na jirani yake. Utakuja kumpa jirani kipaumbele pale.

---

mwambao_data

Mkuu pima_saba umepatia, ni mistari minne ya mashariki peke yake. Nimeziba mita 5, ukanda umeondoka. Leibeki nimeandika kwa kila mstari, ukingo wa mwamba sasa ni mmoja karibu na katikati ya mistari.

Bado kwenye kingo za nje, ule mita 70 na kitu, mwamba unaruka kama mita 4 kaskazini au kusini ukitoka mstari mmoja kwenda wa jirani. Tena ukingo una meno meno kama msumeno. Na hapo hapo vitu vya mashariki–magharibi navyo havikutani vizuri, labda mita 1.5.

---

TeziNaOmo

Hayo ni makosa matatu tofauti, na kila moja lina alama yake.

Kuruka mita 4 nje wakati katikati pametulia ni uelekeo. 75 × sin 3° = mita 3.9. Nadhani unatumia uelekeo wa njia ya chombo uliokokotolewa kutoka GPS, na samaki alikuwa akienda mshazari digrii 3 kwa sababu ya mkondo au upepo wa ubavuni. Tumia dira ya samaki mwenyewe, imo ndani ya JSF. Angalia kwanza kama inasoma kaskazini ya sumaku au kaskazini halisi, na kama programu inaongeza tofauti hiyo yenyewe; ikiongezwa mara mbili utakuwa umehamisha tatizo.

Meno ya msumeno ni uelekeo huohuo kutetemeka, au GPS kurukaruka. Lainisha. Kwa upeo wa mita 75 sona inatoa karibu milio 10 kwa sekunde, kwa hiyo dirisha la milio 30 hadi 50 ni sekunde 3 hadi 5. Ukienda milio 300 meno yataisha, lakini utakuwa umefuta na kuyumba halisi kwa samaki, na mwamba utapinda taratibu badala ya kuruka. Kupinda ni kubaya zaidi, maana hakuonekani kwa haraka.

Mita 1.5 za mashariki–magharibi ni kasi ya sauti. Maji ya nyuzi 28 yenye chumvi ya kawaida ya bahari yetu yanapitisha sauti kwa karibu 1540 m/s. Wewe umeweka 1500. Kitu kilicho mita 60 kinachorwa kwenye 58.4. Kwenye ukingo wa 75 kosa linafika mita 2. Weka 1540, lakini ibadilishe kabla ya kutafuta sakafu, maana kimo nacho kinahesabiwa kwa kasi hiyo.

Kitu kingine, kata mageuzi yote. Chombo kikigeuka, milio ya upande wa nje inatawanyika kama ukili uliofumuka na ya ndani inapandana. Kata kuanzia pale uelekeo unapoanza kubadilika hadi kebo inyooke tena, siyo hadi chombo kinyooke. Kwa kebo ya mita 30 acha mita 50 nyingine baada ya chombo kushika mstari.

---

Dira37

Namba 4 ni rahisi. Mita 300 kusini na karibu 100 mashariki ni saini ya Arc 1960 dhidi ya WGS84, mifumo miwili tofauti ya kuhesabia mahali duniani. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa Arc 1960. GPS yako inatoa WGS84. Mozaiki iko sawa, ramani ndiyo imesomwa kama WGS84 wakati siyo. Kwenye QGIS, programu ya ramani, ipe ramani EPSG:21037 na mozaiki EPSG:32737 (EPSG ni namba ya mfumo wa ramani), zitakutana. Usiisogeze mozaiki kwa mkono hata siku moja, kwa sababu hutakumbuka umeisogeza.

Unguja, Pemba, Mtwara, Mombasa, Lamu, zote zimo kwenye kanda ya 37 kusini ya gridi ya UTM. Ukichagua 37 kaskazini kwa bahati mbaya, namba za kaskazini zitatoka hasi.

---

mwambao_data

Imekubali. 1540, dira ya samaki yenye dirisha la milio 40, mageuzi nimekata, ramani nimeipa 21037. Jiometria naona imetulia. Sasa ile kikoi. Nitumie geini ya kujirekebisha au ipi? Na zinapopandana, nichague wastani?

---

jongoo_bahari

Wastani ndiyo salama mkuu. Inapunguza chengachenga na mishono haionekani. Geini ya kujirekebisha nayo siyo mbaya kama unataka picha ya haraka.

---

pima_saba

Kwa heshima jongoo_bahari, kwa eneo hili sikubaliani na yote mawili.

Geini ya kujirekebisha hufanya kila mlio uwe na mwangaza sawa na jirani yake. Kwa mtu anayetafuta injini iliyoanguka baharini ni sawa. Hapa anataka kutofautisha mchanga na majani, na tofauti hiyo ndiyo ya mwangaza. Samaki akitoka mchangani akaingia juu ya majani, geini inaona picha imebadilika, inairudisha ilivyokuwa. Majani yanafifia ndani ya milio michache. Ndiyo maana alisema imezidi kuharibika.

Kinachohitajika ni jedwali. Programu inapitia milio ya mistari yote, inakusanya wastani wa mwangwi kwa kila umbali na kila kimo, kushoto peke yake na kulia peke yake, kisha inagawanya kila sampuli kwa wastani wake. SonarWiz wanaiita EGN, programu nyingine zina majina yao, wazo ni lile lile. Michirizi inayofuata mstari inaondoka kwa sababu inatokana na umbo la mwali wa sona na pembe ya kugonga sakafu, na hayo hayabadiliki mstari kwa mstari.

Jedwali lina masharti. 400 na 900 kHz kila moja na jedwali lake. Mageuzi yawe yamekatwa kabla ya kujenga jedwali, la sivyo yanaingia kwenye wastani. Mistari yote iwe imerekodiwa kwa mipangilio ile ile. Kama mmoja ulirekodiwa kwa nguvu tofauti utoe, uusawazishe pembeni. Na data iwe nyingi: mistari 14 inatosha, miwili haitoshi.

Sasa mtego ambao hauandikwi kwenye mwongozo. Mistari yako ni kaskazini–kusini, na mwambao nao ni kaskazini–kusini. Kama utepe wa majani unafuata mwambao, kuna mistari ambayo majani yatakuwa daima upande mmoja, kwenye umbali ule ule. Jedwali litadhani huo weusi ni tabia ya sona na litaung'arisha. Utapata mchanga hewa pale penye majani, na weusi hewa kwenye mistari isiyo na majani. Tazama kama umbo lilelile linajirudia kwenye umbali uleule mstari hadi mstari. Likijirudia, jenga jedwali kutoka mistari ya magharibi iliyo juu ya mchanga mtupu, kisha ulitumie kwa mistari yote. Vimo vya mashariki viwe vimo ndani ya jedwali hilo; kama magharibi samaki hakushuka hata mara moja chini ya mita 10, jedwali halina la kusema kuhusu mita 8.

Kuhusu kupandana. Kila kitu kilichosimama kina kivuli upande wa mbali na samaki. Mstari wa mashariki unatupa kivuli magharibi, wa magharibi unakitupa mashariki. Ukichukua wastani, kivuli cheusi kinachanganywa na sakafu angavu iliyoonekana kutoka ng'ambo, na jiwe linabaki doa la kijivu lisilo na umbo. Kwa mchanga mtupu wastani hauna neno. Kwa matumbawe, tengeneza mozaiki mbili: moja ya milio inayotazama mashariki pekee, nyingine inayotazama magharibi. Kila moja itakuwa na vivuli vya upande mmoja, kama jua la asubuhi na la jioni. Kisha ya tatu, ya kutazamia eneo kwa jumla, ambamo sampuli za katikati ya mshazari zinapewa uzito mkubwa na zile za chini ya tumbo la samaki zinapewa mdogo, ili jirani afunike uji.

Na urefu wa kitu usiupime kwenye mozaiki. Rudi kwenye picha ghafi: urefu wa kivuli mara kimo cha samaki, gawanya kwa umbali hadi mwisho wa kivuli. Kivuli mita 4, kimo 12, mwisho wa kivuli kwenye mita 40: jiwe lina mita 1.2.

---

jongoo_bahari

Hilo la vivuli sikulifikiria, nimekubali. Pikseli aweke ngapi? Mimi ningemwambia sentimita 10 maana 900 kHz inaona vitu vidogo.

---

TeziNaOmo

Inaona vidogo kwa upande wa ubavuni tu. Kufuata njia ni habari nyingine. Noti 4 ni mita 2.06 kwa sekunde, milio 10 kwa sekunde, kwa hiyo mlio mmoja kila sentimita 20. Mwali wa digrii 0.3 kwenye mita 75 una upana wa sentimita 39. Pikseli ya sentimita 10 itajazwa kwa kubuni: programu inaziba mashimo kati ya mlio na mlio, na faili linakua mara sita na zaidi ukilinganisha na 25.

Sentimita 25 inatosha hapa. Dema likiwa na upana wa mita moja na nusu bado litaonekana, pikseli kama sita kwa sita, doa angavu na kivuli kifupi chenye pembe. Ukienda 50 litageuka nukta na utalichanganya na jiwe. Kwa 400 kHz, mozaiki ya 50 inafaa.

---

Dira37

Wakati wa kutoa faili kuna shimo moja wengi hutumbukia. GeoTIFF (faili la picha linalobeba mahali pake kwenye ramani) ya biti 8 ina thamani 0 hadi 255, na desturi ni 0 kuwa "hakuna data". Vivuli vya sona navyo ni 0 au karibu. Ukitangaza 0 kuwa tupu, kila kivuli kinakuwa tundu, na nyuma ya kila jiwe utaona ramani ya chini ikichungulia. Panga data iwe 1 hadi 255 kabla ya kutoa, 0 ibaki kwa nje ya eneo tu. Programu ikikataa, toa yenye tabaka la uwazi badala yake.

Baada ya hapo, amri mbili za GDAL (zana za kuchakata ramani), ya kwanza ya kutoa mozaiki, ya pili ya kuiongezea nakala ndogo ili ifunguke haraka:

gdalwarp -t_srs EPSG:32737 -tr 0.25 0.25 -r average -srcnodata 0 -dstnodata 0 -co COMPRESS=DEFLATE -co TILED=YES ghafi.tif mozaiki.tif

gdaladdo -r average mozaiki.tif 2 4 8 16

Eneo lako kwa 0.25 ni pikseli 4800 kwa 3200, kama milioni 15. Faili dogo. Usitumie JPEG ndani ya TIFF kama mtu atafanya uainishaji wa sakafu baadaye, inaacha miraba kwenye mchanga laini.

---

ngisi_mweupe

Samahani naingilia. Sisi hatuna sona ya kukokotwa, tuna Humminbird iliyofungwa chini ya boti ya faiba. Haya yote yanatuhusu? Na kuna programu isiyo ya kununua?

---

pima_saba

Leibeki haiwahusu, hilo mmepona. Mengine yote yanawahusu. Mnaweka umbali wa kudumu kati ya antena na sensa, mnaupima kwa futi kamba siku moja basi. Ila sensa ikifungwa kwenye chombo inafuata kila wimbi: boti ikilala, picha inajikunja upande mmoja na kutanuka mwingine. Maji ya kusi yakichafuka msihangaike kupima. Subirini maji mafu na asubuhi tulivu, mkondo ukiwa mdogo na boti inakwenda ilikoelekea.

Programu ya bure kwa Humminbird ni PINGMapper. Inatumia Python, inasoma faili la DAT pamoja na folda yake ya mafaili ya SON na IDX, inatafuta sakafu yenyewe na kutoa mozaiki ya GeoTIFF. Msitenganishe DAT na folda yake mnaponakili kutoka kadi, majina yabaki kama yalivyo. Kwa JSF na baadhi ya XTF (umbizo jingine la sona) ya bure ni MB-System. Inataka Linux au Mac na uvumilivu wa kuandika amri, lakini kuunganisha kwake kunaruhusu kutoa uzito kwa pembe ya kugonga sakafu na kwa upande unaotazamwa, yaani zile mozaiki mbili za mashariki na magharibi nilizosema.

---

mwambao_data

Nimejenga jedwali kutoka mistari sita ya magharibi, 900 kHz peke yake. Kikoi imeondoka. Majani ya mashariki yametokea kama utepe mweusi wenye kingo chakavu, na mozaiki ya kutazama magharibi inaonyesha vichwa vya matumbawe kimoja kimoja. Imebaki mikato myeupe mifupi, kama vistari vya mshono, kwenye mstari wa 3 na wa 11 tu. Inarudi kwa nafasi sawa sawa.

---

TeziNaOmo

Hiyo ni sona ya kina ya chombo, iliachwa imewashwa kwenye mistari hiyo. Ikirudi kwa nafasi sawa ni mashine, siyo sakafu. Chuja kwa kuangalia mlio dhidi ya majirani wake: sampuli ikizidi wastani wa milio mitatu ya mbele na mitatu ya nyuma kwa mara tatu, iweke wastani huo. Fanya kwenye data ghafi kabla ya jedwali, kisha tumia jedwali lile lile, usijenge jipya. Kama mstari wa 3 na wa 11 imo kwenye ile sita uliyojengea jedwali, itoe ujenge kwa iliyobaki.